Mama Haloo na Laini Nne

Kila aliyewahi kupiga simu katika hospitali ile aliijua sauti yake, lakini walioijua sura yake walikuwa wachache. Alikaa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, dari imeinama upande mmoja, kiasi kwamba mgeni aliyeingia bila kuonywa alijigonga paji la uso kwenye zege. Mle ndani mlikuwa na kiti kimoja, feni ya mezani iliyotikisa kichwa kama mtu asiyeamini anachoambiwa, kadibodi yenye namba za wodi zote kwa kalamu ya risasi, na mashine ya simu yenye taa nne nyekundu. Kila taa ilikuwa laini moja. Hospitali nzima, na ghorofa zake tatu, ilisikia na kusema kupitia laini hizo nne.

Madaktari walimwita Mama Haloo. Wafagizi walimwita hivyo hivyo, na hata mumewe, fundi wa kukarabati viti na makochi, akitaka kumtania aliita kutoka jikoni, "Mama Haloo, niunganishe na chumvi!"

Alianza kazi pale akiwa na miaka ishirini na miwili, ndoo na dekio mkononi. Siku moja opereta wa simu alishikwa na uchungu wa kujifungua akiwa kitini, akakimbizwa wodi ya wazazi, na yule binti wa kudeki akabaki anazitazama taa zinawaka bila mtu. Akaweka ndoo chini, akaketi, akainua mkonga, akasema, "Haloo." Opereta hakurudi tena kazini. Binti naye hakurudi kwenye ndoo. Miaka ishirini na sita ilikatika, asubuhi akisikilizia sikio la kushoto na mchana la kulia, ili lisichoke moja.

Kazi ile aliifanya kwa ukali fulani ambao wenzake hawakuuelewa. Alipokuwa msichana, mama yake alilazwa hospitali ya mbali, na ujumbe wa kifo ukaachwa kwa muuza duka wa mtaani aupeleke nyumbani. Muuza duka alisahau. Kwa siku tatu yeye na wadogo zake walicheka, wakafua, wakagombania redio, na mama yao ameshafariki. Hakuwahi kumchukia yule mwenye duka. Ila hakuwahi kuzisamehe siku zile tatu.

Ugonjwa ule ulipoingia, hospitali ilifunga geti. Hakuna kutazama wagonjwa, hakuna kuleta chakula, hakuna kusimama dirishani. Watu walimkabidhi mzee wao kwa wauguzi waliofunikwa kutoka unyayo hadi utosi, kisha wakabaki nje hawajui washike wapi. Hapo Mama Haloo alichukua daftari la kurasa mia mbili, na kila siku saa tatu asubuhi alimpigia sista mkuu wa wodi ya karantini amsomee hali za wagonjwa, kitanda kwa kitanda. Kitanda cha nne amelala vizuri. Cha sita amekunywa supu vijiko vitano na amemgombeza muuguzi, dalili njema. Ndugu walipopiga, aliwasomea. Hakuna aliyemwagiza.

Kati ya waliopiga alikuwepo mke wa mwashi wa kitanda cha tisa. Hakuwa na simu yake, aliazima ya jirani, saa nne na nusu kila siku, na swali lake lilikuwa moja: "Leo amefungua macho?" Akijibiwa ndiyo, alisema, "Haya, mwanangu, Mungu akuweke," na kukata haraka ili asimalize salio la watu.

Jumanne moja asubuhi akaletwa Chiriku.

Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi, lakini hakuna aliyelihitaji lile jingine. Alikuwa ameimba miaka thelathini na zaidi. Watu walioana kwa nyimbo zake, wakaachana kwa nyimbo zake, wakanyoa ndevu na kukaanga vitunguu kwa nyimbo zake. Alishushwa kwenye gari la wagonjwa akitweta, na kwa kuwa vyumba vya peke yake vilikuwa vimejaa, akalazwa kitanda cha nane, kati ya mwalimu mstaafu na yule mwashi.

Redio ilitangaza saa sita mchana. Saa sita na dakika tano taa zote nne ziliwaka kwa mpigo, na hazikuzimika tena.

Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyetaka amwimbie mgonjwa kwenye simu. "Dakika mbili tu, dada. Nimeshafanya mazoezi." Akafuata bwana mwenye dawa ya majani ambayo hakuwa tayari kuitaja mpaka azungumze na daktari bingwa peke yake. Mwingine alilia tu, hakusema neno, na Mama Haloo akamsubiri kwa sekunde ishirini kisha akamwambia, "Pole, kaka. Nimekusikia." Mmoja alisema, "Wimbo wake ndio ulionipokonya mchumba. Nilikula kiapo sitamsamehe. Sasa mwambie nimemsamehe, bora apone." Na mmoja alicheka kwa kebehi: "Acheni kutudanganya! Huo ugonjwa haupo, mtu anatafuta umaarufu."

"Kama haupo, basi huna la kuuliza," Mama Haloo alimjibu, na akakata.

Waandishi wa habari walijifanya ndugu. Kufikia saa kumi Chiriku alishapata wake saba na mama wazazi watatu. Mmoja alibana pua na kusema kwa sauti nyembamba, "Mimi ni shangazi yake, naomba kujua anaendeleaje."

"Shangazi," Mama Haloo alisema, "kaanue nguo, mvua inakuja."

Alikuwa mdogo wake mwenyewe, msusi, ambaye saluni yake ilikuwa imefungwa na sasa alishinda nyumbani kwao akisikiliza redio. Jioni ile alimsubiri dada yake mlango wa nyuma na beseni la maji ya sabuni.

"Dada, niambie tu. Yuko hai?"

"Sina habari za mtu."

"Mimi ni damu yako!"

"Ndiyo maana nakupikia. Habari za wagonjwa si zangu kugawa."

Mdogo mtu alinuna mpaka wakati wa kula, kisha akasahau kununa.

Jumatano ilikuwa hivyo hivyo, na ikazidi. Sikio la kushoto lilivimba. Alijibu simu mia tatu na ushehe, kisha akaacha kuhesabu. Saa nne na nusu ilipita, na katika kelele zile hata hakuikumbuka. Ya Alhamisi nayo ikapita.

Alhamisi mchana mlinzi wa geti alikuja chini ya ngazi, akainamisha kichwa kwa mazoea. "Mama Haloo, kuna mama hapo nje anakutaka wewe. Hataki daktari. Anasema anamtaka yule wa simu."

Alitoka. Ng'ambo ya nondo za geti alisimama mwanamke mwembamba, barakoa yake imeshonwa kwa kitambaa cha pazia, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ametembea zaidi ya saa mbili. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake suti ya kijivu iliyokunjwa kwa uangalifu.

"Nimepiga siku mbili hampokei," alisema yule mama. Mama Haloo aliitambua sauti kabla ya neno la tatu. "Jirani akaniambia, hospitali ikinyamaza ujue wanaogopa kukwambia. Basi nimekuja na nguo zake. Hii ndiyo suti aliyonioa nayo. Nataka avalishwe hii."

Mama Haloo alishika nondo. "Mama, mumeo yuko hai."

Yule mama alizidi kuusogeza mfuko kwenye nondo.

"Nakuapia. Leo asubuhi amefungua macho. Ameuliza saa ngapi."

Mke wa mwashi aliketi pale pale chini kwenye lami, mfuko mapajani, akaanza kulia. Halafu, kati ya machozi, akasema kwa hasira kidogo, "Saa ngapi! Mtu mzima, yuko kwenye hali hiyo, anauliza saa!"

Mama Haloo alirudi ndani na damu imemchemka. Siku mbili. Kwa siku mbili mwanamke yule alimlilia mtu aliye hai, na simu ya kumtuliza ilikuwa mikononi mwake yeye. Hakuketi. Alipanda ngazi moja kwa moja mpaka kwa katibu wa hospitali.

Katibu alikuwa mtu nadhifu, mwoga wa makosa, na siku zile macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsikiliza akiwa amesimama.

"Naomba laini mbili ziwe za ndugu wa wagonjwa peke yake," alisema Mama Haloo. "Mbili zilizobaki zichukue wa Chiriku."

"Haiwezekani. Wakubwa wanapiga. Ofisi za juu zinapiga. Wakikuta laini imefungwa, nitajieleza mimi. Mama, huyu si mgonjwa wa kawaida."

"Wodi ina wagonjwa thelathini na mmoja, bwana katibu. Nimeshajibu simu elfu kwa ajili ya mmoja. Hao thelathini nao wana watu."

"Tuvumilie kidogo. Hali itatulia."

"Na isipotulia?"

Katibu alishika karatasi zake. Maana yake mazungumzo yamekwisha.

Mama Haloo alishuka, akafunga mlango, akawaza. Laini ya nne haikuwa kwenye kitabu cha namba za simu. Mtu aliifikia tu pale tatu za mwanzo zilipojaa, ila nayo ilikuwa na namba yake. Jioni ile alizima swichi iliyohamishia simu za ziada kwenye laini hiyo, na hakwenda nyumbani saa kumi na moja. Alikaa mpaka saa moja, akawapigia ndugu wa wagonjwa mmoja mmoja kutoka kwenye daftari lake, akawapa namba hiyo. "Iwe siri yako," alimwambia kila mmoja. Wa mwisho alikuwa jirani wa mke wa mwashi.

Mpango ulidumu asubuhi moja, na hata hiyo haikuisha. Saa tatu na nusu ya Ijumaa mtu fulani alimpa binamu yake namba ile, binamu akampa rafiki yake mwandishi, na mwandishi akaitundika kwenye mtandao. Laini ya nne ikavamiwa kama zile nyingine.

Kisha, saa tano kasoro, redio ikasema kuna taarifa zisizothibitishwa kwamba Chiriku amefariki.

Mama Haloo aliisikia habari hiyo kutoka kwenye mkonga, watu wakimlilia sikioni. Baadaye aliisikia kutoka dirishani. Watu walikuwa wanajaa getini, mamia, wamebanana bega kwa bega, wengine bila barakoa, wakiimba nyimbo zake na kuangua vilio. Mlinzi alipuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Nyuma ya umati gari la wagonjwa lilipiga king'ora na kushindwa kupita.

Alipiga moyo konde. Akapuuza taa zote, akapiga wodi ya karantini kwa simu ya ndani.

"Sista, kitanda cha nane anaweza kuongea?"

"Maneno machache. Ana oksijeni."

"Mwekee simu sikioni. Nitakuwa mfupi."

Kulikuwa na mikwaruzo, mlio wa hewa, kisha sauti ambayo nchi nzima iliijua, ila sasa imekauka kama karatasi. "Nani?"

"Mzee, mimi ni wa simu hapa chini. Radhi nikikusumbua. Redio imesema umefariki."

 "Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Wangengoja... nimalize dawa."

Mama Haloo alicheka bila kutaka, na machozi yakamtoka humo humo. Alimweleza kila kitu bila kupamba: laini nne, umati, gari la wagonjwa lililokwama, ndugu wasiopata habari. Alimweleza na habari ya mke wa mwashi na suti.

Chiriku alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu. "Huyu jirani yangu... kila asubuhi ananiuliza... kama mkewe amepiga. Mimi nilidhani... ametupwa." Akapumzika. "Mama, waambie niko hapa. Waambie nawapenda. Halafu waambie... waweke simu chini. Waende nyumbani."

"Naruhusiwa kusema umesema wewe?"

"Sema. Mimi ndiye mwenye mwili."

Sista alikuwepo, akasikia, akasema na yeye atashuhudia. Mama Haloo alijua kanuni: taarifa kwa redio hutolewa na katibu. Alimpigia katibu ofisini. Hakupokelewa, alikuwa ameteremkia getini. Akahesabu mpaka kumi. Kisha akapiga redio ile ile iliyotangaza kifo.

Mtangazaji alipojua ni nani, karibu ameze kipaza sauti. "Wasikilizaji, tuko moja kwa moja na hospitali! Mama, tunaomba utuambie, Chiriku..."

"Yuko hai," alisema Mama Haloo. "Nimeongea naye dakika tano zilizopita. Amenituma."

Alisahau hofu. Aliongea kama alivyoongea miaka ishirini na sita, na mtu mmoja upande wa pili. "Amesema anawapenda. Amesema wekeni simu chini na mwende nyumbani. Mimi ni mtu wa simu tu, lakini naomba niongeze langu. Hapa kuna wagonjwa wengine thelathini. Kuna mke ametembea saa mbili kutafuta habari za mumewe kwa sababu mimi nilikuwa napokea salamu zenu. Salamu zenu ni nzuri. Zipelekeni hapo redioni, waziandike, nitamsomea kila siku. Na mlioko getini, geukeni nyuma yenu. Kuna gari la wagonjwa linataka kupita. Lipisheni, jamani."

"Je, anapumua kwa mashine?" mtangazaji aliuliza haraka.

"Hilo sikuagizwa," alijibu, na akaweka mkonga chini.

Nje mtu mmoja mwenye redio kubwa begani alikuwa ameiongeza sauti. Umati ulipigwa na butwaa, halafu ukashangilia, halafu ukaanza kugeuka, vichwa vya nyuma kwanza. Gari la wagonjwa likapita taratibu. Wengine walibaki kidogo wakitazamana kama watu waliotoka usingizini, wakapandisha barakoa zao, wakaondoka.

Taa nazo zikaanza kuzimika. Ya kwanza, ya tatu, ya pili. Ya nne ilipozimika Mama Haloo alishtuka, akadhani mashine imeharibika, akaigonga ubavuni. Haikuharibika. Ilikuwa kimya tu.

Baada ya robo saa taa moja iliwaka.

"Nimesikia redioni," alisema mke wa mwashi. "Ni mimi yule, siyo? Wa saa mbili."

"Ni wewe, mama. Subiri usikate. Nakuunganisha na kitanda cha tisa, ongea naye mwenyewe."

"Lakini salio la watu..."

"Kata basi, nakupigia mimi."

Alimpigia, akaunganisha, akaweka mkonga wake chini, maana hakuwa mtu wa kusikiliza ya wenyewe. Aliitazama taa ikiwaka kwa dakika kumi na moja.

Katibu alimwita Jumatatu. Mezani kulikuwa na barua ya onyo.

"Umeongea na vyombo vya habari bila kibali," katibu alisema. Hakuwa na furaha ya kusema hivyo.

"Ni kweli."

"Ungeweza kunisubiri."

"Nilipiga, hukuwepo. Gari la wagonjwa lilikuwepo."

"Hujuti?"

Mama Haloo alifikiri, kwa sababu swali lilistahili kufikiriwa. "Najuta sikufanya hivyo Jumatano." Akasaini, akaomba nakala, akamwekea mezani karatasi nyingine aliyoiandika nyumbani kwa mkono: maombi ya laini mbili kwa ajili ya ndugu, na ya mtu wa pili wa kusaidiana naye. Katibu aliisoma mara mbili. Siku nne baadaye ilirudi chini ya ngazi imepigwa chapa, ina muhuri, na imeandikwa kana kwamba wazo lilikuwa la ofisi tangu mwanzo. Aliibandika ukutani bila kulalamika.

Mwashi hakupona. Alikata roho Jumapili iliyofuata, adhuhuri, baada ya siku tisa za kuongea na mkewe kila asubuhi. Daktari alipoleta habari, Mama Haloo alisema, "Nipe mimi." Alipiga, jirani akamwita mama, na mama akaja akihema. Mama Haloo alitaja jina kamili la marehemu kwanza, polepole, kisha akasema lililotokea na saa lilipotokea.

 "Ni leo?" mama aliuliza.

"Ni leo. Nusu saa iliyopita."

"Haya. Ahsante kwa kuniambia leo." Suti aliileta mwenyewe, na sista akahakikisha marehemu anavalishwa.

Siku ile Mama Haloo alijikaza mpaka zamu ikaisha. Nyumbani aliingiza mikono kwenye beseni la sabuni na kuiacha humo. Mdogo wake akaja nyuma yake. Alimnyoosha dada yake shingo, akamfumua nywele, akaanza kumsuka upya.

Chiriku alitoka baada ya wiki tano kwa mlango wa nyuma, amekonda, anatembelea fimbo. Pafu lake moja halikurudi sawa, na noti ndefu zilizompa jina hakuweza tena kuzishika. Alisema sasa ataimba nyimbo za kukaa kitini, za sauti ya chini. Kila siku hadi alipotoka, Mama Haloo alikuwa amemsomea salamu kumi, si zaidi.

Mwezi mmoja baadaye Chiriku alipiga simu. "Mama, naomba namba ya mke wa mwashi."

"Namba za watu sigawi, mzee. Lakini nitamuuliza kama anataka yako."

Mke wa mwashi alitaka. Siku iliyofuata, saa tano, akampigia Mama Haloo kumpa habari. Sauti yake ilikuwa na kitu kipya ndani.

"Tumeongea karibu saa nzima. Kumbe mume wangu alimbishia mle wodini! Alimwambia ule wimbo wake wa nyumba, ubeti wa pili ana makosa, huwezi kuezeka kabla ya kufunga lenta juu ya kuta. Mtu anapumulia mpira, anafundisha ujenzi!" Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Anasema ataubadilisha."

"Ataubadilisha, mama. Yule ni msikivu."

Taa ya tatu iliwaka. Msichana mgeni aliyekaa kwenye kiti cha pili, siku yake ya kwanza kazini, aliitazama kwa woga, mkono hewani.

"Samahani, mama, subiri kidogo," Mama Haloo alisema. Akamgeukia msichana. "Inua. Akikutajia mgonjwa, lirudie jina lake kabla hujasema lolote lingine. Haya, usimwache anangoja."